Daftari la sanaa limeachama, limepinda, linanata: kosa liko wapi?

Daftari la sanaa, lile unalolishona mwenyewe na kulijaza michoro, rangi na vipande vya kubandika, huugua taratibu. Siku unayolimaliza linapendeza, unalipiga picha, unawaonyesha watu. Wiki tatu baadaye jalada limejikunja, kurasa zimeshikana, na mgongo unalia kila ukilifungua. Hapo ndipo watu huniletea hapa mtaani Pasua, Moshi, na maelezo yaleyale: gundi ilikuwa mbovu. Gundi mara nyingi inasingiziwa. Katika madaftari niliyoyafumua na kuyashona upya mezani kwangu, kosa hukaa sehemu mbili: maji yaliyoingia kwenye karatasi bila kupewa njia ya kutoka, na karatasi iliyokunjwa kinyume cha nyuzi zake. Makosa mengine mengi ni watoto wa hayo mawili.

Anza na dalili unayoiona. Usifumue kitu kabla ya kujua ugonjwa.

Kurasa zinakataa kulala, na mkunjo umechanika

Fungua daftari katikati, uachie mkono. Kama kurasa zinainuka zenyewe kama mlango wenye springi, na kwenye mstari wa mkunjo unaona vinyuzi vyeupe vimechomoza, umekunja kinyume cha nyuzi.

Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo. Wakati wa kuitengeneza, rojo la nyuzi za miti hupita juu ya mashine inayokimbia, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo huo, kama nyasi zilizopitiwa na maji ya mvua. Ukikunja sambamba nazo, karatasi inatii. Ukikunja kwa kuzikatiza, ni kama kupinda fagio la chelewa: linapinda, lakini ukiachia linarudi.

Sasa sikiliza panapowaponza wengi. Karatasi za rimu za A4 tunazonunua stesheneri kwa kawaida nyuzi zake zimelala kufuata upande mrefu, ule wa milimita 297. Ukikunja A4 katikati kupata daftari la ukubwa wa A5, kama wote tulivyofundishana, mkunjo wako unazikatiza nyuzi zote. Daftari limeshaharibika kabla hujashika sindano.

Usiniamini mimi, pima. Kata kipande cha mraba cha sentimita tano, weka alama ya penseli kuonyesha upande mrefu wa karatasi ulikuwa upi, kisha lowesha uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringisha kama msokoto wa sigara. Msokoto unapoelekea ndiko nyuzi zinakoelekea. Fanya hivyo kwa manila pia, na kwa karatasi ya kaki, maana hizo huwa zinakatwa kutoka kwenye shiti kubwa na huwezi kukisia.

Dawa ziko mbili na zote ni rahisi. Ya kwanza: nunua A3 badala ya A4. Ikate katikati upate vipande viwili vyenye ukubwa wa A4, kisha kunja kila kimoja kupata A5. Kwa kuwa nyuzi za A3 nazo kwa kawaida hufuata upande mrefu, kipande chako sasa kina nyuzi zinazofuata upande mfupi, na mkunjo unakwenda nazo. Ya pili, kama una A4 tu: ikate katikati upate vipande viwili vya A5, halafu kunja kila kimoja upate daftari dogo la A6, la mfukoni. Hilo linalala vizuri ajabu. Wanaoniuliza kwa nini vidaftari vyangu vidogo vinafunguka kuliko vikubwa wanadhani nina mashine. Sina mashine.

Kama daftari limeshashonwa, fanya subira na nguvu kidogo: pitisha mgongo wa kijiko juu ya kila mkunjo, kisha lilaze chini ya uzito usiku kucha. Litapungua ukaidi, ila halitapona kabisa.

Jalada limepinda

Kwanza angalia limepindia wapi. Kama kingo zinainuka kwenda nje, kosa ni karatasi au kitambaa ulichobandika nje. Kilipolowa gundi kilitanuka, kilipokauka kikasinyaa, na katika kusinyaa kikaivuta kadibodi upande wake. Ndani hakukuwa na kitu cha kuvuta upande wa pili. Basi bandika karatasi ndani ya jalada, yenye unene unaokaribiana na ya nje na nyuzi zikienda kuanzia juu kwenda chini, ziweze kushindana. Kama limepindia ndani, karatasi ya ndani ndiyo iliyoshinda. Mara nyingi ni kwa sababu ulibandika ya ndani ukiwa umeimwagia gundi bila huruma.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Watu wanaanika jalada juani kama dagaa. Jua la Moshi la mwezi wa pili linakausha uso mmoja huku mwingine ukiwa bado mbichi, na jalada linajikunja mbele ya macho yako. Likaushe kivulini, likiwa limelazwa katikati ya magazeti, juu yake ubao, na juu ya ubao ndoo ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 20 ambazo kila nyumba inazo. Baada ya saa moja badilisha magazeti, maana yameshanyonya maji. Kisha liache mpaka kesho yake. Ukiwa Arusha, kule juu mita kama 1,400, mwezi wa sita na wa saba ongeza siku nzima. Ile baridi inakawiza gundi.

Boksi la biskuti lina mifereji ndani yake na hupinda kufuata mifereji hiyo. Ukilazimika kulitumia, bandika matabaka mawili mifereji ikiwa imepishana. Mimi hupenda zaidi majalada ya kaunta buku zilizoisha. Ni magumu, yamenyooka, na kila nyumba yenye mwanafunzi anayo matatu chini ya kitanda.

Kitenge kipya kinachokataa kushika gundi kina wanga wa dukani. Kifue kwanza, kipige pasi, ndipo ubandike. Khanga nyepesi au gunia la kahawa vina tatizo la kinyume, gundi inapenya na kuacha madoa usoni. Bandika karatasi nyembamba mgongoni mwa kitambaa, kikauke, halafu ndipo uende kwenye kadibodi. Ngozi bandia ya pochi na majaketi ya mitumba kutoka soko la Memorial ikianza kutoa maganda, hakuna dawa. Ile ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa na imeshazeeka. Ibandue, tumia jinzi.

Kurasa zina mawimbi

Ni maji tena. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya rimu, haikutengenezwa kwa rangi za maji. Ilitengenezwa kwa barua. Ukitaka kupaka rangi za maji tafuta karatasi nzito, gramu 200 kwenda juu, au bandika karatasi mbili za kawaida pamoja ziwe ukurasa mmoja. Kwa picha na vipande vya magazeti, paka gundi kidogo na uisambaze kwa kadi ya zamani ya vocha mpaka uone uso wa karatasi unang'aa tu bila kulowa. Mawimbi yaliyokwishatokea hupungua ukipiga pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ya kaki. Lakini usithubutu kama ukurasa una rangi ya akriliki au kipande cha nailoni. Nimewahi kupoteza ukurasa na pasi ya mama mkwe kwa siku moja, na pasi ndiyo iliyosemwa zaidi.

Daftari limeachama

Yaani ukilifunga halifungi, limefungua mdomo kama mamba. Wengi huliona kama sifa, ushahidi kwamba limejaa. Kidogo ni kweli. Likizidi, mgongo unachanika, na ukiulizwa sababu huna.

Hesabu yake ni hii. Rimu ya karatasi 500 za gramu 80 ina unene wa sentimita tano hivi, kwa hiyo karatasi moja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Daftari lenye kurasa za kugeuza 40 lina mgongo wa milimita nne. Sasa bandika picha moja mbele na moja nyuma ya kila karatasi. Kila karatasi imekuwa tatu. Upande wa kufungulia umefika milimita kumi na mbili, na mgongo umebaki na nne zake zilezile. Mdomo lazima ufunguke.

Kwa hiyo mgongo upewe nafasi tangu mwanzo. Unaposhona, kata vipande vyembamba vya manila vyenye upana wa sentimita mbili, vikunje katikati, na uvishone pamoja na vitita, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, kimoja nje ya kila kitita. Jalada nalo lipimwe kwa unene unaoutarajia, usilipime kwa unene wa leo. Ukimaliza kushona, daftari litaonekana limelegea mgongoni kama suruali ya kaka mkubwa. Usishtuke, litajaa.

Kama limeshajaa na limeshaachama, punguza karatasi. Kila baada ya mbili, kata ya tatu, lakini uache kisiki cha sentimita moja na nusu kutoka kwenye mkunjo. Hapa ndipo wembe unapoharibu: mtu anataka pawe safi, anakata mpaka kwenye uzi. Kumbuka hiyo karatasi imekunjwa, nusu yake nyingine iko upande wa pili wa kitita na inashikiliwa na mkunjo huohuo. Ukikata mpaka kwenye uzi, kesho nusu ile itadondoka ikiwa na picha yako juu yake. Kisiki kikibaki, kinaishikilia, na pia kinaunenepesha mgongo. Visiki vyenyewe vina kazi: unaweza kuvibandikia bahasha, ramani ya kukunja, au jani.

Uzi unachana karatasi, au vitita vinacheza

Mwaka wa kwanza nilikuwa natoboa kwa msumari wa inchi mbili na kushona kwa uzi wa cherehani. Nikikaza, uzi unapasua tundu kama kisu kwenye parachichi. Nikilegeza, vitita vinacheza. Nikampelekea fundi viatu mmoja karibu na stendi anisaidie uzi mnene. Akaniangalia nikishona mbele yake, akacheka.

"Dada, unavuta kama unafunga mbuzi."

"Si nataka ikaze, fundi?"

"Ikaze, sawa. Vuta kwa kulala. Usivute kwa kusimama."

Akanishika mkono akanionyesha. Uzi unavutwa kufuata urefu wa mgongo, sambamba na mkunjo, kuelekea ule upande unaokwenda kushona. Ukiuvuta kuja juu, kwako, nguvu yote inaangukia ukingo wa tundu, na karatasi haina ubavu huo. Somo hilo lilinichukua nusu dakika na limeniokolea madaftari yote tangu siku ile.

Mengine ni madogo. Toboa kwa sindano yenye unene uleule wa uzi wako, usitoboe kwa msumari. Toboa vitita vyote kwa kipimo kimoja, kipande cha manila chenye matundu, ili matundu yakutane. Kwa kitita kimoja cha matundu matatu, anzia tundu la katikati, nenda juu, shuka mpaka chini, rudi katikati, funga fundo ndani. Uzi wa pamba upitishe mara mbili kwenye nta ya nyuki au mshumaa, utashika mahali pake na hautajisokota. Nailoni ya viatu ni imara mno. Inateleza, mafundo yanafunguka, na ikikazwa yenyewe haikatiki, inayokatika ni karatasi.

Tundu likishachanika, bandika kipande chembamba cha karatasi laini juu ya mkunjo kwa ndani, kikauke, toboa upya pembeni kidogo. Usitumie selotepu. Baada ya miaka michache inageuka njano, gundi yake inahama na kuacha mafuta kwenye karatasi.

Kurasa zinanatana

Rangi za akriliki na gundi nyeupe ya mbao hukauka zikiwa aina ya plastiki, na plastiki hiyo hulainika kwa joto. Januari na Februari, daftari likiwa chini ya vitabu vingine au kwenye kiti cha mbele cha gari, kurasa mbili zilizopakwa zikitazamana zinakuwa moja. Usizivute kwa hasira. Liweke daftari mahali pa baridi, hata kwenye friji likiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kwa saa moja. Halafu pitisha rula ya plastiki polepole katikati yake.

Kinga yake: acha ukurasa siku mbili tatu kabla ya kuufunga, kisha upake poda ya mtoto kidogo sana kwa pamba na uipanguse, au usugue mshumaa mweupe juu yake na kung'arisha kwa kitambaa. Penye rangi nzito weka karatasi ya kuokea katikati.

Wino umetokea upande wa pili, picha imechuja, risiti imefutika

Makapeni zenye harufu kali zina spiriti au kemikali jamaa yake, na hizo hupita kwenye karatasi ya kawaida kama maji kwenye chujio. Zitumie kwenye vipande vya kubandika, si kwenye ukurasa wenyewe.

Picha iliyotolewa kwenye printa ya wino ikikutana na gundi yenye maji huchuja, uso wa mtu unakuwa wa zambarau. Mwambie kijana wa stesheneri akutolee kwa mashine ya leza au fotokopi. Ile ni poda iliyoyeyushwa kwa joto, haiogopi maji.

Risiti za EFD, zile mashine za kodi za madukani, na tiketi nyingi za mashine huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, hazina wino kabisa. Zitafifia hata ukiziombea. Kama ni kumbukumbu ya safari, itoe fotokopi mapema na ubandike fotokopi. Gazeti nalo litageuka njano, kwa sababu karatasi yake imebaki na lignini, ile gundi ya asili ya mti. Mimi naliacha ligeuke, linapendeza. Asiyependa atoe fotokopi.

Ukungu, mende na sisimizi

Masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, ndio msimu wa ukungu. Daftari lililobandikwa kwa uji wa unga wa ngano ni chakula. Ukungu unakijua na mende anakijua. Ukiupenda uji kama mimi, pika sehemu moja ya unga kwa tano za maji, uchemshe na punje chache za karafuu, uchuje, uutumie ndani ya siku mbili. Paka mwembamba. Hifadhi daftari likiwa limesimama, penye hewa, mbali na ukuta wa nje. Usilifungie kwenye mfuko wa nailoni likiwa bado na unyevu.

Binti mmoja aliniletea daftari lenye jani la isale alilopewa na bibi yake kule mgombani. Kwa Wachagga jani hilo ni la amani na kuombana msamaha, si la kuchezea, na yeye alilibandika siku ileile aliyopewa, likiwa bichi, kwa gundi nyuma nzima. Jani la isale ni nene na lina ngozi inayong'aa inayozuia maji yasitoke. Lilibaki na maji yake ndani ya daftari mwezi mzima. Nilipofungua, kurasa sita zilikuwa na manyoya ya kijivu.

Tuliliokoa jani lenyewe. Tulilikausha kwanza, kwa sababu ukungu mbichi ukiusugua unausambaza. Tukatoka nje, barakoa usoni, tukaupiga brashi laini. Kisha jani likalala katikati ya magazeti chini ya uzito wiki tatu, magazeti yakibadilishwa kila siku wiki ya kwanza. Mwisho tulilishika kwa vikanda viwili vya karatasi bila gundi, maana jani linaendelea kusinyaa, na ukiligandisha lote litajipasua. Kurasa nne zilikatwa. Visiki vilibaki.

Sisimizi je? Kisa chake ni kifupi. Kurasa za kuchovya kwenye kahawa zinapata rangi nzuri ya kale, na mji huu haukosi kahawa. Ila usichovye kwenye kahawa iliyobaki kikombeni. Ina sukari.

Rangi ya chini inapasuka na kubanduka

Emulsheni ya ukutani ya bei rahisi, inayopakwa ukurasani kabla ya kuchora, ina unga mwingi na gundi kidogo. Changanya vijiko vinne vyake na kimoja cha gundi nyeupe, paka matabaka mawili membamba, la pili baada ya la kwanza kukauka. Ukipaka tabaka moja nene kama plasta, litapasuka kama plasta.

Daftari halina kosa lolote, ila lina miezi minane halijaguswa

Hili ndilo linaloletwa kwangu zaidi kuliko yote, na mwenye nalo huanza kwa kuomba radhi. Sababu ni moja: limependeza mno. Mtu ameshona siku tatu, amelivika kitenge kizuri, sasa anaogopa kuliharibu kwa mchoro mbaya.

Usianzie ukurasa wa kwanza. Anzia kitita cha tatu, popote, kwa kitu kisichohitaji kipaji: karatasi ya chumvi, kipande cha khanga, orodha ya vitu vya sokoni. Mimi siku hizi sisubiri mwenyewe apate ujasiri. Kabla daftari halijatoka mezani kwangu, nalimwagia chai ya rangi ukurasa wa kwanza, doa kubwa la duara la kikombe. Isiyo na sukari.